Spea orijino za Wheel Horse ya zamani: zipi ununue, zipi usihangaike nazo

Ndugu, umeuliza kama hiyo Wheel Horse C-120 uliyoachiwa na mwenye nyumba kule Watamu uitafutie spea orijino kila kitu ama uipeleke skrepa, manake fundi wa kwanza kakwambia spea zake hazipo Kenya nzima. Usiuze. Mie hizi trekta ndogo za bustani nazitengeneza hapa Malindi, nyingi zililetwa na wazungu wenye majumba ya ufuoni wakazeeka nazo, na nakwambia spea ambazo lazma ziwe orijino ni chache sana, hela yako yote ipeleke huko.

Kwanza sahau jina lililoandikwa kwenye boneti. Wheel Horse ilinunuliwa na Toro 1986, na Toro wameweka vitabu vya mashine hizo mtandaoni bure, unaingiza namba ya modeli unapata michoro mpaka ya nati. Hiyo ni ya bodi, giaboksi na dek ya kukatia nyasi. Injini ni habari nyingine, ni Kohler K301, silinda moja, hosipawa 12, bloki ya chuma tupu sio alminiamu, na ndugu zake wa ukoo wa K wamefungwa kwenye Cub Cadet, John Deere na trekta nyingine chungu nzima za Marekani. Sasa ukienda dukani ukaulizia gasketi ya Wheel Horse utaambiwa hakuna na muuzaji hajakudanganya. Angalia kibandiko kwenye bati la kufunika feni, kina Model, Spec na Serial. Agiza kwa hizo, hasa Spec, manake K301 zenyewe kwa zenyewe zatofautiana.

Sasa cha kutoa hela ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Kwa hii injini konrodi ni ya alminiamu na haina zile beringi za vipande viwili kama gari, yakaa moja kwa moja juu ya kranki, alafu hakuna pampu ya oili wala filta, kuna kikia tu chini ya konrodi kinapiga oili na kuirusha juu, basi oili ikipungua kidogo pale ndo panaliwa kwanza. Kranki ikiliwa wachongesha inchi 0.010 na unanunua konrodi ya saizi hiyo, ndogo kwa 0.010. Usikubali kuchongewa ya kienyeji. Kuna jamaa alikubali, ikakatika mashine ikiwa mbio ikatoka nje kupitia ubavu wa bloki, na bloki ndo kitu pekee ambacho kweli hutakipata hapa. Ukishafungua huko ndani utaona gia mbili za kupunguza mtetemeko, zile mafundi wengi wa Kohler wanazitoa wasirudishe, kwa sababu zikichoka zinavunjika na kuvunja vingine. Mie pia nazitoa, mashine inatetemeka zaidi kidogo lakini utalala usingizi. Na springi ya gavana, kile kinachozuia injini isipite mbio zake, iwe yenyewe, usiweke yoyote iliyoko kwenye kopo, manake hii injini mwisho wake ni mizunguko 3600 kwa dakika.

Kitu cha pili ni mkanda wa kuendeshea. Hapa watu wanabishana na mie sana, wanasema mkanda ni mkanda, wa mashine ya posho upo kila duka. Ndio upo na utaingia, lakini kwenye hiyo trekta mkanda ndo klachi yenyewe, ukikanyaga pedali unalegea ukiachia unajikaza huku ukiteleza, na wa posho haukutengenezwa kwa kuteleza, utanuka moshi na kukatika haraka. Tafuta wenye nyuzi za kevlar ndani, upana na urefu vile vile.

Zilobaki usipoteze usingizi. Beringi zina namba ubavuni, 6204-2RS ni tundu milimita 20, nje 47, unene 14, iwe kwenye trekta ama kwenye pampu ya maji, sasa mbona ulipie boksi lenye nembo? Kondensa ya gari lolote la zamani lenye pointi, zile swichi ndogo zinazofunguka na kufunga kuleta moto wa plagi, yafanya kazi. Koili, chukua ya volti 12 yenye omu 3 hadi 4, zile za Volkswagen Beetle za zamani ziko sawa kabisa, alafu mwanya wa pointi weka inchi 0.020. Kabureta ile nzito ya zamani usiitupe ukanunua ya kuigiza ya bei poa, mara nyingi imelegea shafti tu, mtu wa lethi akuwekee bushi na itaishi kuliko hiyo mpya. Bolti ndo angalia, Mmarekani anapima kwa inchi, ukilazimisha ya milimita unaua uzi. Zitafute kwa wauza spea za Massey Ferguson, zile Massey za zamani nazo zatumia UNC na UNF, yaani nyuzi za bolti za inchi, za UNC pana na za UNF nyembamba, ukikosa Mombasa hutakosa Kirinyaga Road Nairobi.

Za kuagiza nje zikusanye uagize mara moja, manake nauli ya kipande kimoja yaweza kushinda bei yake, na bado kuna ushuru na VAT ya 16%. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya namba iliyochongwa kwenye kipande chenyewe, achana naye. Na ile ya zamani usiitupe mpaka mpya ifungwe na ifanye kazi.

Dek sijui umeikuta katika hali gani, na huu upepo wa kusi na chumvi yake hiyo ndo huoza kwanza, bati lachomelewa ila mihimili ya visu iokoe mapema. Plau na dozabledi ukiletewa chukua. Kuna mtu alitaka kuniuzia kifaa cha kurushia theluji cha trekta hizi, orijino kabisa hata rangi haijachubuka, Malindi hii! Nilichukua cheni na sproketi tu.

Piga picha kibandiko cha injini uweke hapa, na usiiwashe kabla hujapima oili.