Mti wangu unapukutika majani

Swali: Habari, natengeneza miti midogo ya modeli kwa waya na sponji ila majani yanapukutika na shina linabaki waya tu. Nakosea wapi?

Jibu: Pole ndugu yangu, umekaribia sana. Chukua nyuzi kama 12 za waya mwembamba, hata wa kebo mbovu, zisokote ziwe shina afu ukipanda juu unazigawa kidogo kidogo mpaka tawi libaki uzi mmoja, chini zitawanye ziwe mizizi. Shina lipake gundi nyeupe na unga wa mbao, ikianza kukauka likwaruze na sindano, gome linatokea zuri mno! Sponji ikatekate, ipake rangi, ikauke KABISA ndo unaibandika. Mwisho pulizia gundi iliyozimuliwa na maji, nusu kwa nusu. Na usijaze majani kila tawi, acha mwanga upite.