Jeki Ndefu Inapogoma: Fundi Anajibu

Mwezi huu nimeziweka kando barua za breki na za kabureta, maana barua za jeki ndefu zimejaa mezani. Nazungumzia ile jeki ya nguzo yenye matundu na mpini mrefu, wanayobeba watu wa magari ya njia mbaya. Umbo lake halijabadilika sana tangu mwaka 1905, jeki ya Hi-Lift ilipoanza kutengenezwa Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani. Leo viwanda vingi vinatoa za kufanana nayo, na majibu haya ni ya ukoo huo wote.

*Shikamoo fundi. Jeki yangu ilikaa juu ya kerea msimu mzima wa vumbi. Juzi gari lilizama kwenye tope, nikaitoa. Inapanda tundu moja, halafu ulimi unarudi palepale. Nikiigonga kwa nyundo inashika, kisha inaachia tena. Nimeambiwa ninunue mpya. Nifanyeje?*
*Dereva wa njia za tope*

Marahaba, mwanangu. Usinunue bado. Kwa ulivyoeleza, jeki yako haijafa, imejaa vumbi.

Ielewe kwanza inavyopanda. Kwenye nguzo kuna bloki mbili: kubwa, yenye ule ulimi unaoshika gari, na ndogo iliyo chini yake. Kila moja ina pini ya chuma inayosukumwa na springi iingie kwenye tundu la nguzo. Unaposhusha mpini, bloki ndogo inasimama juu ya pini yake na kubeba mzigo wote, huku kubwa ikisogea juu hadi pini yake ikute tundu linalofuata. Unapopandisha mpini, mzigo unahamia kwenye pini ya bloki kubwa, na ndogo inavutwa juu kuifuata. Ni kama mkwezi juu ya mnazi: miguu ikishika, mikono inapanda, mikono ikishika, miguu inafuata. Wakati wote lazima kimoja kiwe kimeshika.

Sasa vumbi likichanganyika na mafuta ya zamani, linakuwa kama udongo wa mfinyanzi ndani ya nyumba ya pini. Springi yenyewe ni nyembamba, haina ubavu wa kuisukuma pini katikati ya uchafu huo. Pini inachelewa, bloki inapita tundu lake, na mzigo unarudi ulikotoka. Ulipogonga kwa nyundo ulikuwa unaifanyia springi kazi yake. Na wakati mwingine pini huingia nusu tu. Hiyo nusu ndiyo inayonitisha mimi, kwa sababu gari litaonekana limetulia kumbe limening'inia kwenye ncha ya chuma.

Ipime hivi. Isimamishe bila mzigo, wenzo wa kugeuzia (ule mdogo unaochagua kupanda au kushuka) ukiwa juu, na ushushe mpini polepole huku umetega sikio. Utasikia "ta" moja. Pandisha mpini, utasikia "ta" ya pili. Ile ya kushusha ni ya bloki kubwa, ile ya kupandisha ni ya bloki ndogo. Iliyo bubu ndiyo mgonjwa wako. Fanya hivyo kuanzia chini ya nguzo hadi juu, usipime matundu matatu ukaridhika.

Kisha osha. Anza na maji ya sabuni na brashi ngumu, uondoe tope lote. Tope likishatoka, chukua dizeli au mafuta ya taa, mbali na moto, umimine kwenye pini na springi huku unachezesha mpini. Kama pini haisogei kabisa, acha mafuta yalale humo usiku kucha. Asubuhi piga brashi tena, puliza kwa hewa ya kompresa ukiwa nayo, macho yako ukiyakinga, na uache ikauke. Mwisho tia matone machache ya oili nyepesi kwenye kila pini, kwenye springi na kwenye viungo vya mpini. Ipandishe mara 20 bila mzigo, halafu ufute kila tone lililovuja nje.

Nimezipokea jeki nyingi zilizohukumiwa kutupwa, na kilichozirudisha kazini ni brashi na nusu lita ya dizeli. Yako ikibaki bubu hata baada ya kuosha, basi springi imechoka au imekatika, au pini imelika. Pini na springi huuzwa kwa seti. Badilisha za bloki zote mbili kwa pamoja. Ukifungua, fungua bloki moja tu kwanza, ile nyingine ikuonyeshe kila kitu kilikaa vipi.

*Fundi, salaam. Kupanda haina shida. Nikigeuza wenzo ili ishuke, siku nyingine inashuka tundu kwa tundu, siku nyingine ulimi unaporomoka hadi chini kwa kishindo. Imeharibika?*
*Mama mkulima*

Salaam sana, mama. Haijaharibika. Jeki hii inahitaji mzigo wa angalau kilo 68 hivi ndipo ishuke kwa hatua. Ukigeuza wenzo, pini zinatafuta kutoka nje ya matundu, na uzito wa gari ndio unaoibana ile iliyobeba isitoke kabla ya zamu yake. Mzigo ukiwa mwepesi, hakuna kinachobana. Zote mbili zinachomoka na bloki zinaporomoka. Ndiyo maana inakutokea gari likishakaa kwenye tairi zake, au ukiijaribu jeki tupu. Vidole vikae mbali na nguzo wakati huo, wala usipeleke mkono chini ya ulimi kuudaka.

Lakini mama, umeniuliza kuhusu kishindo, na mimi nataka nikujibu kuhusu mpini, maana huo ndio unaoumiza watu.

Wakati wa kushusha, gari ndilo linalousukuma mpini juu. Nilikuwa na miaka 23 nilipojifunza hilo. Niligeuza wenzo mpini ukiwa umelala, nikaushika kwa mkono mmoja wenye mafuta, kichwa changu kikiwa juu yake kwa sababu nilitaka kuona pini inavyotoka. Mpini ulinitoka na kuja juu, ukanipiga chini ya kidevu. Nilipoteza meno mawili, na hata leo ulimi wangu hulitafuta lile pengo kila ninaposikia mtu anapiga jeki hii kwa haraka.

Kwa hiyo, kabla ya kugeuza wenzo, iwe ni kupandisha au kushusha, mpini uwe wima, umeegemea nguzo. Geuza, kisha ushike mpini kwa mikono miwili mikavu na uandamane nao mwanzo hadi mwisho wa kila hatua, kushuka na kupanda. Usiuachie njiani. Kichwa na uso visikae katika njia yake. Ukitaka kupumzika, urudishe wima na uufunge kwa kibanio chake. Na ukipoteza mshiko, usijaribu kuudaka. Ruka kando, uuache upige hadi utulie.

*Shikamoo baba fundi. Marehemu baba aliniachia jeki ndefu. Niliikwangua kutu, nikaipaka rangi nzuri nyekundu tabaka tatu, nguzo na bloki zote. Sasa haipandi hata kidogo. Naogopa nimeiua jeki ya baba.*
*Binti wa dereva*

Marahaba, binti yangu. Hukuiua, umeivalisha nguo nene tu. Rangi imeingia ndani ya matundu ya nguzo na kwenye nyumba za pini, na pini inahitaji nafasi ya kuteleza. Tabaka tatu zinatosha kabisa kulifanya tundu libane.

Pitia tundu moja baada ya jingine kwa kiyeyusha rangi na brashi ya waya, uliache bila rangi ndani. Ukitumia tupa ya duara, ikwangue rangi tu. Ukiona chuma kinang'aa na unaendelea kukisugua, unalipanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Zitoe pini uzisafishe hadi ziingie na kutoka kwa kusukumwa na kidole. Nguzo pale bloki zinapoteleza nayo ibaki bila rangi, ilindwe kwa oili nyembamba. Rangi yako nyekundu iache kwenye kitako na kwenye mpini. Itapendeza, na baba angefurahi kuona bado inafanya kazi.

Ukiwa unaisafisha, angalia umbo la matundu. Yawe duara. Ukikuta yamevutika kuwa kama yai, hasa yale ya katikati yanayotumika zaidi, nguzo hiyo imechoka. Hapo itunze kwa ukumbusho, usinyanyulie gari.

*Fundi, mimi natia grisi, tena nyingi, na jeki yangu inateleza kama samaki. Kwa nini wewe unasisitiza oili?*
*Mpenda grisi*

Inateleza leo, ndugu yangu. Grisi nzito hushika mchanga, na mchanga ndani ya grisi ni msasa. Tena ikipata baridi inakuwa ngumu, springi inashindwa kuisukuma, na unarudi kwenye barua ya kwanza. Ukipita sana kwenye vumbi, tumia hata kilainishi kikavu cha grafiti. Grisi ibaki kwenye fani za magurudumu.

Kinachosaidia kuliko chochote ni kuzifunika bloki. Mimi natumia kipande cha tyubu kuukuu ya gari, nimekikata kikawa kama soksi. Jeki inasafiri imefunikwa pale penye pini tu. Ila ukifika, ivue soksi hiyo bloki zikauke, maana unyevu ukifungiwa humo unaleta kutu.

*Bolti iliyopo kwenye kiungo cha mpini ilikatika nikiwa navuta gari kwenye tope. Nimeweka nyingine ya chuma kigumu zaidi ili isikatike tena. Nimefanya vizuri?*
*Mtu wa safari*

Hapana. Itoe leo, kabla hujaisahau.

Kwenye jeki nyingi za aina hii bolti hiyo imewekwa makusudi iwe dhaifu. Kwenye Hi-Lift imetengenezwa ikatike mzigo ukifika pauni 7,000, yaani takriban kilo 3,175, wakati kiwango cha kazi cha jeki yenyewe ni kilo 2,114 hivi. Ilipokatika ilikuwa inakwambia kwamba gari limenaswa na tope kuliko unavyodhani. Ukiweka bolti isiyokatika, kitakachokatika safari ijayo ni pini, au ulimi, au nguzo itapinda ikiwa na gari juu yake. Nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya jeki yako, ukae na mbili za akiba. Nati yake usiikaze hadi mwisho, kwa sababu mpini unazungukia hapohapo. Ukiikaza sana utaona mpini mzito na udhani pini zimeshika kutu.

Na siku nyingine chimba kwanza. Toa tope mbele ya tairi na chini ya ekseli, ndipo uiite jeki.

*Nguzo ya jeki yangu imepinda kidogo sana, kama upana wa kidole, baada ya gari kuteleza. Fundi wa karibu anasema anaweza kuinyoosha kwa moto na nyundo. Nimkubalie?*
*Mwenye haraka*

Usimkubalie. Moto unabadilisha ugumu wa chuma mahali ulipopita, na nyundo inaficha kupinda bila kuondoa udhaifu. Utapata nguzo iliyonyooka kwa macho. Badilisha nguzo nzima. Kama bloki, pini na mpini ni vizima, vitahamia kwenye nguzo mpya ya aina hiyohiyo.

Lakini nimebaki na neno "gari kuteleza". Jeki hii ni ndefu na kitako chake ni chembamba, hivyo haina cha kulizuia gari lisiende mbele, nyuma wala upande. Hukusema kama uliweka kabari kwenye tairi zilizobaki chini, wala kama kitako kilikaa kwenye ubao mpana au kwenye udongo mtupu. Hukusema pia kama kulikuwa na mtu chini ya gari. Niandikie unieleze, hata kama jibu si zuri, na hadi hapo jeki hiyo isiguse gari lolote.