Kopa za AC zilizozikwa sakafuni: mkanda wangu ndio ulioziponza

Mkuu, umesema Jumamosi unamwaga zege la jamvi, na fundi AC wako anataka kulaza kopa, yale mabomba ya shaba ya gesi, kwenye kifusi baada ya kuzizungushia mkanda mweusi. Umeuliza pia kama maji ya moto kutoka kwenye sola nayo yapite humohumo kwenye kopa. Hilo la pili nitalijibu kwa kifupi mwishoni. La kwanza ngoja nikae nalo, maana mkanda huohuo ndio ulionifanya nivunje sakafu ya mtu.

Ilikuwa Kigamboni, 2016. Mwenye nyumba hakutaka kuona tranki nyeupe, lile boksi la plastiki la kufunika mabomba, ikikatiza ukuta wa sebule, na mimi enzi hizo kila mteja nilimwambia sawa. Tukachimba mfereji kwenye jamvi, mita tisa, nikalaza kopa ya robo inchi na ya nusu inchi, kila moja na sponji yake ya kuzuia joto, kisha nikazifunga pamoja kwa mkanda wa plastiki toka mwanzo karibu hadi mwisho. Fundi ujenzi akafukia kwa saruji na mchanga. Mchanga wenyewe ulikuja kwa mkokoteni kutoka ufukweni. Niliuona, nikanyamaza, nikijiambia si kazi yangu.

2019 chumba kikaacha kupoa. Nikajaza gesi. Miezi miwili mbele nikajaza tena. Mara ya tatu yule mzee akaniuliza, "Kwani fundi, hii gesi anaila nani?" Sikuwa na jibu, na nilistahili kuulizwa. Gesi ya AC haipungui kwa matumizi kama mafuta ya gari, ikipungua, inavuja. Nikatenga mashine ya ndani na ya nje, nikajaza naitrojeni kwenye kopa tupu, na geji ikawa inashuka huku naiangalia. Tukavunja marumaru.

Nilichokuta sijakisahau. Karibu na mlango wa bafu, sponji ilikuwa imechanika kidogo, nadhani tangu siku ya kulaza. Ndani ya mkanda kulikuwa na maji. Si unyevunyevu, maji. Kopa ya nusu inchi ilikuwa na ukungu wa kijani na bluu, na nilipoisugua yakatokea matundu matatu madogo kama ncha ya sindano. Lakini ile mita moja na nusu ya mwisho, ambako mkanda uliniishia nikaacha sponji peke yake, kopa ilikuwa ya kahawia, safi, ngumu. Mchanga ni uleule. Kweli kipande hicho kilikuwa mbali na bafu, ila kilichonishtua ni kwamba mkanda haukuzuia maji kuingia, ulizuia yasitoke.

Watu wengi hulaumu saruji. Saruji inakula aluminiamu, kopa haiidhuru. Kopa hujitengenezea ngozi yake nyembamba na ikiachwa hivyo inadumu miaka mingi. Kinachotoboa ngozi hiyo ni chumvi ikikutana na unyevu usiokauka: mchanga wa baharini, maji ya kisima yenye chumvi yaliyokorogea zege, na ile asidi mafundi marumaru wanayooshea mabaki ya saruji, ambayo hupenya kwenye viungo na kushuka chini. Amonia nayo ni adui mbaya, kwa hiyo usipitishe kopa karibu na karo wala bomba la choo. Na kama kifusi chako kina majivu au masizi ya makaa ya mawe, kitoe chote njiani mwa bomba, kina salfa.

Sasa hivi siziki kopa bila ganda. Kwa kuwa jamvi lako bado, una bahati: laza bomba la PVC la inchi 4 kwenye kifusi kilichoshindiliwa, lenye mteremko kuelekea nje, kona zake ziwe za taratibu ili siku moja kopa iweze kuvutwa ikatoka na mpya ikaingia. Mdomo wa ndani uinuke juu ya sakafu maji ya deki yasiuingie, wa nje utazame chini. Ndani yake pitisha kopa isiyo na kiungo hata kimoja. Roli ya kawaida ina mita 15, inatosha vyumba vingi. Fundi akikwambia ataunga katikati kwa nati, mkatalie kabisa. Nati ikae mahali spana inafika. Sponji iwe nene, milimita 19 kwa joto la pwani, na maungio yake yagandishwe kwa gundi yake. Mkanda utumike kushikilia tu.

Kabla ya zege, fundi ajaze naitrojeni kwenye kopa kupima kama zinavuja. Asithubutu kutumia oksijeni, ikikutana na mafuta inalipuka. Mashine nyingi za gesi ya R410A vitabu vyake vinataka presha ya 4.15 MPa, kama psi 600, kwa saa 24. Afuate cha mashine yako. Usiku ukipoa nyuzi 10 geji itashuka kama psi 20, hiyo si kuvuja. Baada ya hapo punguza presha lakini acha geji palepale wakati zege linamwagwa. Mtu akichoma kopa kwa nondo au kuikanyaga na toroli, utajua dakika ileile, si miaka mitatu baadaye.

Kuhusu maji ya moto: tumia PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa. Kopa iishie mita mbili hivi kutoka kwenye tanki la sola, ambako maji huweza kuzidi joto ambalo PPR inalipenda. Ukilazimisha kopa sakafuni, kumbuka inatanuka: mita 10 ikitoka nyuzi 25 kwenda 65 hurefuka karibu milimita 7, na ikishikwa na zege pande zote inachokea kwenye kona. Hapo pia ganda ni lazima.

Ukishalaza PVC piga picha ukiwa umeweka futi ya kupimia kuanzia ukutani, uzitupie hapa tuone hizo kona kabla ya Jumamosi.