Nani kaenda Mirihi kutafuta maisha?

Swali: Tuandike "viumbe vya sayari nyingine" au "viumbe wa sayari nyingine"? Na je, ni sawa kusema wanasayansi wanatafuta maisha nje ya Dunia?

Jibu: La kwanza ni jepesi. Kiumbe ana umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa ni hai hufuata upatanisho wa A-WA: kiumbe huyu, viumbe hawa, viumbe wa sayari nyingine, hata wakiwa bakteria. Ila msiwabandike "wa ajabu" kila mara. Hajaonekana hata mmoja. Huo uajabu mmeupimia wapi?

La pili ndilo linalonichoma. Kutafuta maisha, kwa Kiswahili, ni kuhangaikia riziki. Kijana akiaga kwamba anakwenda mjini kutafuta maisha, hakuna anayedhani kafungasha hadubini. Sasa soma kichwa hiki: "Roboti ya Perseverance yatafuta maisha Mirihi." Maskini roboti! Imetua kwenye kreta (shimo kubwa la duara) ya Jezero Februari 2021, hewa karibu yote ni kaboni dayoksaidi, baridi ya usiku hufika nyuzi 80 chini ya sifuri, na mpaka leo haijatuma nyumbani hata senti. Kesho tutaambiwa maisha ya huko yamepanda, irudi tu.

Inachotafuta roboti hiyo ni dalili za uhai. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na hata huko asili ya "maisha" iko karibu na riziki. Maisha ni namna anavyoishi aliye hai tayari: maisha magumu, maisha ya ndoa, gharama za maisha. Uhai ni kile kinachomtofautisha mtu na maiti. Wakipatikana vijidudu Mirihi, tutakuwa tumegundua uhai. Maisha yao, wanakula nini na wanazaana vipi, tutayachunguza baadaye. Najua mtanitajia "kupoteza maisha" ya taarifa za ajali. Hilo limeshaota mizizi, nimenyoosha mikono.

Lakini "kugundua" sikusamehe. Aprili 2025 watafiti walitangaza kwamba darubini ya James Webb imenasa alama za dimethili salfaidi kwenye hewa ya K2-18b, sayari iliyo miaka ya nuru 124 kutoka hapa. Duniani gesi hiyo hutokana zaidi na planktoni, viumbe wadogo wanaoelea baharini. Waandishi wakaruka: uhai wagunduliwa! Kumbe uthabiti wa kipimo ulikuwa sigma 3 (sigma ikiwa kubwa, ni vigumu zaidi matokeo kuwa ya bahati tu), wakati desturi ya kutangaza ugunduzi ni 5. Watafiti wengine wakachambua data ileile wasiridhike. Tena gesi hiyohiyo imewahi kukutwa kwenye nyotamkia 67P, ambako hakuna planktoni wala bahari. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini hakuna anayekinga ndoo chini ya wingu.

Jiwe la Jezero nalo, lililochimbwa sampuli Julai 2024, lina madoa kama ya chui yenye kingo nyeusi, na madini ya chuma ambayo huku kwetu mara nyingi huhusishwa na vijidudu, ingawa yanaweza kutokea bila hao. Kwa hiyo andika: "Jiwe la Mirihi lina dalili zinazoweza kuwa za uhai wa kale." Mhariri akilalamika kwamba kichwa ni kirefu, akate neno jingine lolote, "dalili" aiache.