Roma: sifa zake ni za haki

Kama unauliza iwapo Roma, filamu ya mwongozaji Alfonso Cuarón, inastahili sifa zote ilizomwagiwa, mimi nasema ndiyo, bila kusita. Ila usiianze usiku ukiwa na usingizi. Mwanzoni mambo yanakwenda polepole mno: maji ya kudekia yanamwagwa sakafuni, na ndani ya maji hayo unaona ndege ikikatiza angani. Picha ni nyeusi na nyeupe, wala hakuna muziki wa kukuambia hapa sikitika. Mara ya kwanza niliizima.

Niliporudi ndipo nikamwona Cleo, dada wa kazi kwenye nyumba ya watu wenye nafasi, Mexico City, miaka ya 1970 na 1971. Angalia pale familia inapotazama televisheni. Ameketi chini kando ya kochi, mtoto amemzungushia mkono, wote wanacheka, halafu anatumwa akalete chai. Basi, anainuka. Sebule ngapi za kwetu zina picha hiyo hiyo?

Yalitza Aparicio, anayemwigiza Cleo, hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, alisomea ualimu. Na kule ufukweni, Cleo hajui kuogelea lakini anayafuata mawimbi kuwatafuta watoto, kamera haikatwi. Nilishika pumzi.

Oscar 3 za mwaka 2019, ikiwemo ya uongozaji, ni halali yake. Kinachoniuma ni kimoja: Cleo anasema maneno machache sana. Tunamwona akibeba kila mtu, ila anachokiwaza mwenyewe hatukisikii vya kutosha.