Mimba ya kwanza niliilea kwa chipsi mayai na soda

Mimba ya kwanza nlikuwa nafanya kazi Kariakoo, natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Maandazi mawili na chai ya sukari, mchana chipsi mayai na soda, jioni nimechoka napitia tena chipsi kavu hapo mtaani, na kila mtu ananiambia kula mama, sa hizi unakula kwa ajili ya wawili. Basi nakula. Mboga za majani labda Jumapili.

Wiki ya 33 miguu ikavimba hadi ndala zikagoma kuingia, kichwa kinagonga, mi nkajua ndo mimba zilivyo, kufika kliniki presha iko juu na kwenye mkojo kuna protini, nikalazwa siku ile ile. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, kilo 2.1, nikakaa naye kifuani ngozi kwa ngozi mpaka akaongezeka. Nashukuru Mungu sahivi yuko darasa la kwanza.

Sasa sitaki kumdanganya mtu, presha ya mimba hailetwi na chipsi peke yake, wapo kina mama wanakula vizuri kabisa na bado inawapata, hasa mimba ya kwanza au ya mapacha. Ila ukila hivo kila siku, sukari nyingi, mafuta yaliyorudiwa mpaka meusi, ngano nyeupe, mboga hakuna, mwili unakuwa kama una kidonda kisichoonekana, ndo wataalamu wanaita inflamesheni. Iko kimya kimya mpaka kwenye mishipa ya damu, na kondo la nyuma linategemea mishipa hiyo hiyo kumpelekea mtoto chakula na hewa.

Soda tu yenyewe jamani. Chupa ya mililita 350 nyingi zina zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku, yani vijiko vya chai 6. Mi nlikuwa namaliza kwa chupa moja, chai sijaihesabu.

Mimba ya pili nilibeba chakula kutoka nyumbani. Dona, dagaa, kunde au maharage, tembele, na chungwa pembeni maana linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye mboga, chai nikaisogeza mbali na chakula kwa sababu yenyewe inayazuia. Asubuhi viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha badala ya maandazi. Hela iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko ya chipsi, kilichonisumbua ni kupika usiku nikiwa hoi, hapo mume wangu alisaidia sana. Na nilianza kliniki mapema, daktari akanianzishia aspirini ya dozi ndogo sababu ya yale ya mwanzo (usijinunulie mwenyewe dukani, uliza kwanza), kwa hiyo siwezi kuipa mboga sifa zote. Mtoto alifika wiki ya 39, kilo 3.2.

Na dada yangu unayesoma una mimba, ukiona uso na mikono imevimba ghafla, kichwa hakiachi, macho yanaona nyota nyota au maumivu sehemu ya juu ya tumbo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, nenda hata kama ni usiku.