Mti wa holi usiozaa

Mwanangu Rehema,

Salamu sana. Sisi hatujambo, ila baba yako na goti lake.

Umeniuliza kama muukate mti wa holi, ule wa majani ya miiba na matunda mekundu, ulio nyuma ya nyumba yenu mpya huko Reading, Uingereza, maana hauzai na mumeo anataka pa kuegesha gari. Ya gari siyajui. Lakini hilo la kutozaa nalijua, na siku zote nasema: mti hauhukumiwi mpaka uuone umechanua.

Holi ina dume na jike, kila mmoja mti wake, kama mpapai wa kwetu. Dume halizai hata ulimwagie mbolea ya dunia nzima, ila unga wa maua yake ndio unaowazalisha majike. Na majina ya aina zake yasikudanganye: 'Silver Queen', pamoja na umalkia wake wote, ni dume, 'Golden King' ndiye jike. Waliozipa majina sijui walitazama nini.

Unaikumbuka ile bustani ya mimea uliyokuwa ukija kunisubiri ukitoka shule. Holi zangu zilikuwa kule mwisho, hakuna aliyezitaka. Kupalilia chini ya holi ni adhabu: jani bichi linachoma, lililokauka linapenya glavu. Akaja msimamizi mpya na makaratasi yake, Desemba, akaona 'Silver Queen' ile kubwa haina hata tunda wakati wenzake wamewaka nyekundu. Akaandika ukatwe. Nikamweleza. Akanitazama vile wanavyotutazama, akaniuliza mambo ya miti nimesomea wapi. Januari ukaangushwa, mbao yake nyeupe pee. Desemba iliyofuata matunda yakawa haba.

Niseme haki: Mei ile baridi ilipiga wakati wa maua, nyuki hawakutoka. Na ng'ambo ya ukuta zilikuwepo holi za porini, madume hayakosekani humo. Pengine si kosa la msumeno. Pengine. Lakini kibao kilikuwepo, na daftarini imeandikwa dume! Angesoma tu.

Bibi yako angecheka. Ile holi ya kwetu Usambara, Ilex mitis, inaota kando ya vijito na wala haina miiba. Huku tunagombania inayochoma.

Basi, mkate msikate, nyumba ni yenu, mimi simo. (Ningekuwa mimi, gari lingelala barabarani.) Ila ngojeni Mei. Mti hauhukumiwi mpaka uuone umechanua. Chuma ua moja, lina petali nne nyeupe. Ukiona kidonge cha kijani katikati, ni jike. Ukiona vijiti vinne vyenye unga wa njano na kidonge hakipo, ni dume. Piga picha ya karibu unitumie. Likiwa jike, muulize jirani kama mwenye nyumba wa zamani alikuwa akiupogoa kila mwaka, kwa sababu maua hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiyapunguza yote, matunda utayatoa wapi?

Na glavu vaa za ngozi. Za pamba hazisaidii kitu.

Mama yako